Nisingekuwepo Ningejua

Nkunga, 12 Februari 2023

Kwako mdogo wangu Winfrida,

Ugonile? Mimi ni mzima. Na sisemi mzima kama watu wanavyojaza mstari wa kwanza wa barua. Nasema mzima wa kubeba mkungu wa ndizi kutoka bondeni mpaka kibarazani bila kuutua, na Desemba nimetimiza miaka sabini na nne. Andongwisye, yule jirani yangu mzee wa kanisa, nimemzidi miaka sita, lakini anatembea kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Mwandiko wangu uuvumilie. Niliishia darasa la nne, ila darasa la nne la wakati wetu ni chuo cha sasa. Simu aliyoninunulia mwanangu Prosper iko ndani ya debe la mahindi, na wewe masikio yako hayataki simu, basi tuendelee na karatasi. Karatasi haiishiwi chaji.

Prosper bado yuko Kigoma kwenye ujenzi wa barabara yao, atakuja Krismasi. Mkewe Tulia yupo, kila asubuhi anapeleka maziwa kituoni. Mjukuu wangu Lusungu anakaribia miaka mitatu na anaongea kama redio. Mama yake akitoka, mimi ndiye ninayebaki naye. Namweka mabegani, tunashuka bondeni, tunakata majani ya ng'ombe, tunapanda. Hakuna mtoto Nkunga nzima anayelelewa hivyo, na hilo waulize hata wasionipenda.

Sasa neno lenyewe. Nasikia Tulia anataka kumpeleka mtoto Masoko kwa mama yake akakae huko. Hakuniambia mimi, hawezi, unaujua mwiko wetu. Mke wa mwanangu haniangalii usoni wala hasemi nami. Tukielekea kukutana njiani anakata kona kwenye migomba. Chakula anakiweka nyuma ya mlango, anakohoa, anaondoka. Siku hizi kuna nyumba baba mkwe anapeana mkono na mkwe wake kama wako sokoni, lakini hapa kwangu hapana, na Tulia mwiko anaushika, hilo simnyimi. Ila amemwambia Prosper kwenye simu, Prosper akamwambia Andongwisye, Andongwisye akaja kuniambia huku anakula ndizi zangu. Sababu hawaisemi. Mwandikie Prosper kuwa mjukuu wangu haondoki hapa. Wewe ni shangazi yake, atakusikia.

Kuna jambo lingine, dogo. Hapa kuna mtu ananichezea. Juzi nimekaa kibarazani na kisu, namenya ndizi za kupika mbalaga ya mchana. Nimemenya mbili. Nageuka, zote zimekwisha kumenywa, na maganda yamepangwa vizuri ndani ya kofia yangu. Kofia niliyokuwa nimeivaa kichwani! Na chai iliyokuwa inatoa mvuke imepoa. Sijaona mtu akipita. Mwizi wa kuiba namjua, mwizi wa kukumenyea ndizi sijamsikia tangu nizaliwe. Namshuku Andongwisye.

Ndaga fijo kwa shuka uliyonitumia.

Kaka yako,
Anyelwisye


Mpanda, 9 Machi 2023

Kaka yangu,

Barua yako imefika Jumamosi, kondakta ameikunja mara nne mpaka inaonekana kama hirizi. Nashukuru unabeba mkungu mzima. Mimi huku nabeba goti tu, na lenyewe linanishinda. Mwanangu Andrea amepata mtoto wa pili, wa kike, amempa jina langu bila kuniuliza. Mvua zimechelewa, mahindi yanatazama juu.

Nilicheka habari ya kofia. Nikaisoma mara ya pili, nikaacha kucheka.

Niruhusu nikuulize kama muuguzi, siyo kama mdogo wako. Miaka thelathini na moja nimekaa zahanati, si kwamba nakupeleleza. Mwaka juzi ulipoanguka kutoka kwenye mparachichi, ulizimia? Kwa muda gani? Hili la ndizi ni mara ya ngapi? Kuna nyakati unakuwa hupo, ingawa umekaa pale pale? Jambo kama hilo likipita, mdomoni unasikia ladha yoyote, labda ya chuma? Kichwa kinauma? Unasikia usingizi mzito?

Sijamwandikia Prosper yale uliyotaka. Nimemwandikia mengine. Naomba mtoto akae Masoko mpaka wewe upimwe hospitali. Wiki tatu tu, nne zikizidi. Hakuna anayekunyang'anya mjukuu.

Nisalimie Tulia. Najua huwezi kumsalimia mwenyewe, tuma hata kuku.

Mdogo wako,
Winfrida


Nkunga, 2 Aprili 2023

Kwako Winfrida,

Tumepokea salamu. Mtoto wa Andrea namwombea akue, asichukue masikio yako. Huku mvua hazikuchelewa, huku mvua zinatujua.

Umeniuliza kama nilizimia. Sikuzimia. Nilianguka, nikalala pale chini nimefumba macho nikijisikilizia kama kuna kitu kimevunjika. Watu wa huku wana haraka ya msiba. Wakaanza kulia, mmoja akakimbilia kwa mchungaji. Nilipofumbua macho nikawakuta wamenizunguka wanaimba. Sasa niambie, mtu aliyezimia anasikia wimbo? Mimi nilisikia ubeti wa mwisho wote na ningeweza kukuimbia. Beti za mwanzo sikuzisikia kwa sababu sikutaka kuzisikiliza.

Halafu unauliza kama kuna nyakati mimi sipo. Muuguzi mzima unauliza swali la namna hiyo. Mimi nisingekuwepo ningejua. Mtu akitoka nyumbani kwake anajua ametoka, kwa kuwa ameacha mlango nyuma yake. Nimekaa siku mbili nimeipitia kila siku tangu Mwaka Mpya, ya jana, ya juzi, ya majuzi, nimezipanga kama gunzi na gunzi. Sijaona hata dakika moja ambayo ndani yake mimi simo. Katika kila dakika niliyoiangalia nilijikuta nimo. Hesabu hiyo naomba uipeleke kwa madaktari wako.

Na lingine. Umeandika "mara ya ngapi". Mtu hasemi mara ya ngapi kama hajaambiwa kuna mara nyingi. Nani amekuambia?

Mtoto haendi Masoko.

Anyelwisye


Mpanda, 30 Aprili 2023

Kaka yangu,

Nakusalimu wewe na nyumba yako. Huku mvua imekuja hatimaye na imekuja kwa hasira, choo cha jirani kimeanguka. Hajafa mtu, aliyekuwemo alitoka mapema.

Nilikuuliza juu ya ladha mdomoni, ukanijibu juu ya wimbo. Nilikuuliza juu ya kichwa, ukanipa hesabu. Nimeuona ujanja wako, na wewe umeuona wangu, kwa hiyo sasa nitasema wazi.

Ulipokuwa kijana ulikuwa unakamua ng'ombe huku unagombana na mimi. Macho kwangu, matusi mdomoni, na ndoo inajaa, tone halimwagiki. Nani alikuwa anakamua? Siyo wewe uliyekuwa unagombana. Chini ya akili hii unayoijua, inayosema mimi Anyelwisye, kuna nyingine isiyosema kitu. Ndiyo inayokugeuza usingizini usianguke kitandani. Ndiyo inayokutembeza njia ya bondeni wakati unawaza mambo mengine. Haijawahi kukuomba ruhusa. Siku zote akili hizo mbili zinakaa pamoja, huwezi kuona mpaka.

Kuna ugonjwa ambao ile ya juu inatoka na ya chini inabaki kazini. Mtu hajaanguka. Hajafumba macho. Ukipita mbali unaona mzee anamenya ndizi. Lakini ni nyumba ambayo mwenyewe ametoka, moto unawaka jikoni, na aliyebaki ndani ni mfanyakazi kiziwi. Anajua kumenya. Anajua kukata, anajua kutembea. Hajui mtoto ni kitu gani. Kwake Lusungu na ndizi ni sawa. Hilo ndilo linaloninyima raha, kaka, siyo maganda kwenye kofia.

Unasema usingekuwepo ungejua. Hilo ndilo jambo pekee ambalo huwezi kulijua ukiwa peke yako. Dakika usiyokuwepo haiachi tundu. Ya kabla yake na ya baada yake zinavutwa zinashonwa pamoja, nawe unapapasa nguo unasema, mbona nzima? Ni lazima mwingine aliyekuwa macho akuambie.

Hospitali wanakiita kifafa. Si kile cha kuanguka na povu, ni cha namna nyingine, na mara nyingi kichwa kilichopigwa chini ndicho kinachokianzisha. Sina hakika, mimi si daktari na siko hapo. Lakini kupima kupo, vidonge vipo, na watu wanavimeza na wanabeba mikungu yao.

Nani ameniambia, hilo niachie mimi.

Winfrida


Nkunga, 21 Mei 2023

Winfrida,

Hapa hatujambo. Lusungu hajambo, isipokuwa kisigino kimeungua kidogo, mambo ya watoto. Ng'ombe hajambo.

Umeliandika lile neno kwa mkono wako ukalituma kwenye basi, karatasi imepita Sumbawanga, imepita Mbeya, imepita mikononi mwa makondakta, neno lile na jina langu juu yake. Barua nimeichoma. Ukoo wetu haujawahi kuwa na mtu wa hivyo. Baba yetu alikufa akiwa amesimama. Mimi niliyelima miraba mitano kwa siku moja, niliyemshika fahali wa misheni kwa pembe watu wakiwa juu ya miti! Nenda kaulize Kawetele kote kama wamemsahau Anyelwisye. Halafu mdogo wangu niliyembeba mgongoni ananiambia ndani yangu kuna kiziwi anayemenya ndizi.

Nimekaa nimefikiri, na nikifikiri huwa nafika. Nyumba hii tuko watatu. Ng'ombe haandiki barua. Lusungu haandiki barua. Tulia amesoma mpaka kidato cha nne. Ndiye.

Sasa sikiliza nilivyoliweka jambo hili mbele ya Meshaki na wazee wengine wa ukoo, wakashindwa kulijibu. Ama Tulia ameniangalia, na kama ameniangalia ameuvunja mwiko, tena si mara moja, ni kwa miezi. Ama hakuniangalia, na kama hakuniangalia hajui lolote na amesema uongo juu ya baba mkwe wake. Njia ya tatu haipo. Meshaki alitikisa kichwa akasema, kaka, hapo umemfunga pande zote.

Jumapili tarehe 25 Juni wazee watakaa hapa kwangu. Ataambiwa achukue nguo zake arudi kwao Masoko. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake, kwa hiyo atabaki hapa kwangu. Prosper nimemtumia habari kwa Andongwisye, amejibu tu "Baba subiri". Mimi sikuzaliwa nisubiri.

Anyelwisye


Mpanda, 8 Juni 2023

Kaka,

Leo salamu ni hizi tu, uwe hai.

Kisigino kimeungua na nini? Nani alikuwa naye? Na wewe ulikuwa wapi? Sikuulizi ulikuwa umekaa wapi. Nauliza ulikuwa wapi.

Ni kweli Tulia ameniandikia. Nilitaka kumficha, nimeona kumficha ndiko kunakomuua. Njia ya tatu uliyosema haipo, ipo: masikio. Mke wa mwanao hajakuangalia hata siku moja. Yuko jikoni, wewe uko upande wa pili wa ukuta unamkatia ng'ombe vigogo vya mgomba, anasikia panga linapiga. Anamsikia Lusungu anaita babu. Mara tano. Mara kumi. Babu hajibu, na panga halisimami. Halafu ghafla unamjibu mjukuu wako "Naam, mke wangu!", kwa sauti ya mtu aliyeitwa mara moja. Tangu Oktoba amesikia mara kumi na tisa. Anaandika tarehe nyuma ya daftari la maziwa.

Yeye amekaa nyuma ya ukuta na mwanawe yuko upande wenye panga, na mguu wake hautoki kwa sababu ya heshima yako. Ingekuwa amevunja mwiko, mtoto asingeungua. Wapelekee wazee hilo. Mpelekee Meshaki kwanza, atikise kichwa tena.

Usimfukuze. Ukimfukuza utabaki wewe na mtoto, na siku mfanyakazi kiziwi akiwa peke yake ndani hatakuwepo hata wa kusikia. Goti langu halipandi basi, lakini tarehe 25 wazee wakikaa nitakuja, hata nikibebwa kama gunia.

Winfrida


Nkunga, 4 Julai 2023

Kwako mdogo wangu Winfrida,

Usishtuke na mwandiko mzuri. Mkono wangu wa kulia umefungwa bendeji. Panga liliteleza tarehe 19 Juni, vidole viwili, nimeshonwa nyuzi tisa na sikusema hata "ai", muuguzi akasema hajaona mzee kama mimi. Panga lilikuwa na mpini mbaya. Kwa hiyo wazee hawakukaa, na wewe hukubebwa kama gunia.

Andongwisye alijitolea kuniandikia, nikakataa. Barua ikipita kwake inasomwa kanisani kabla ya matangazo. Kwa hiyo anaandika Tulia. Yeye yuko jikoni, mimi niko kibarazani, ukuta uko katikati. Mimi nasema, yeye anaandika. Mwiko uko palepale. Lusungu yuko mabegani kwangu ananivuta masikio. Mtoto huyu ana nguvu, amenirithi mimi.

Barua yako niliisoma. Nimemwambia Tulia aandike kila ninachosema hata kikiwa juu yake mwenyewe, asipunguze, na anaandika, nasikia kalamu. Andika basi. Mimi sijabadilika. Bendeji ikitoka wazee watakaa, tarehe 16 mwezi huu. Mkwe anayehesabu ukimya wa baba mkwe wake kama anahesabu mayai hafai kukaa katika nyumba hii. Hayo masikio yake ayapeleke kwao. Atarudi Masoko na nguo zake na sufuria zake, sitamdai kitu. Na mtoto atabaki hapa, na nitamlea kama

Shangazi, ni mimi Tulia. Baba amenyamaza. Nimesubiri, nilidhani anatafuta neno. Lusungu anamwita. Anamwita tena. Kiti kimesogea. Sasa sauti ya mtoto inakwenda mbali, anasema babu tunakwenda wapi. Naweka kalamu.

Nimerudi. Ni saa nne na dakika ishirini na mbili asubuhi. Naandika sasa hivi, nikichelewa nitajiambia sikuona.

Nilitoka. Nilimwangalia, Shangazi. Miaka mitano niko katika nyumba hii, nilikuwa simjui sura. Sikujua ana kovu juu ya jicho. Alikuwa ameshika njia ya bondeni, anatembea vizuri kabisa, mtu wa mbali angesema mzee anaenda kukata majani. Mtoto mabegani, na hakuwa amemshika. Mkono wa bendeji ulikuwa unafungua vifungo vya shati, mkono mwingine unavifunga. Mdomo unatafuna, na hana kitu mdomoni. Jana mvua imenyesha, njia yote ni tope. Nilimpita kwa pembeni nikasimama mbele yake nikasema Baba. Macho yake yalikuwa wazi, yakanipita kana kwamba mimi ni mgomba, naye akanizunguka akaendelea. Lusungu alikuwa amemshika nywele, na nywele zenyewe unajua ni chache.

Nilimfikia kwenye gogo la kuvukia mto. Mguu mmoja tayari ulikuwa juu yake. Nilimnyang'anya mtoto, na hakunizuia, wala hakusikia uzito umepungua. Nikamfunga mgongoni. Kisha nilimshika Baba mkono. Najua nilichofanya. Nilimshika mkono nikamgeuza, akanifuata mpaka nyumbani kama ndama.

Sasa amekaa kwenye kiti chake. Mimi nimekaa kwenye kigoda mbele yake, si nyuma ya ukuta. Ni saa nne na dakika ishirini na sita. Anafuta bendeji kwenye suruali, anafuta, anafuta. Mkono umesimama. Ameangalia ua. Anasema

nilivyomlea siku zote, na baba yake akirudi Krismasi atamkuta mnene. Andika hivyo. Mbona sisikii kalamu?

Shangazi, ameniona.

Alisema, "Wewe, mbona uko hapa?"

Nikasema, "Nimetoka, Baba."

"Unaniangalia."

"Ndiyo, Baba."

"Mtoto amefikaje mgongoni kwako? Si yuko hapa mabegani!" Akapapasa mabega yake, kulia, kushoto. Kisha akaiona miguu yake. Ina tope mpaka magotini. "Tope hili ni la nani?"

"La bondeni."

"Mimi sijaenda bondeni leo. Nimekaa hapa naandikisha barua. Unanitania? Wewe na Andongwisye mmekaa mkapanga kunipaka tope?"

Nikamsomea karatasi hii, kuanzia pale nilipoandika Shangazi ni mimi Tulia. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Soma tena." Mara ya pili, nilipofika kwenye gogo, akaninyamazisha kwa mkono.

"Nilikuwa nimeshika miguu yake?"

"Hapana, Baba."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akanyamaza. Nilimtazama nijue ni ukimya upi. Huu alikuwamo.

Muda mrefu ulipita, Lusungu akalala mgongoni. Sasa anasema niandike, na maneno haya ni yake.

Winfrida, wazee hawatakaa. Meshaki nitamwambia mwenyewe, na akitikisa kichwa nitamtikisia na mimi.

Nimezipitia tena siku zangu, na ya leo nimeipitia mara tatu. Bado sipaoni mahali palipokosekana. Nilikuwa nasema neno moja, likaja lingine nyuma yake, halikukatika. Ningeapa kanisani. Lakini tope lipo. Ladha ya chuma uliyoniuliza ipo, ilikuwepo na siku ya kofia, nikasema ni kisu kimegusa ndizi.

Kisigino sijui. Nilikuwa nakaanga mahindi, mtoto akawa analia, mguu wake uko kwenye jivu na mimi nimesimama pale pale na kijiti mkononi nakoroga. Nikaona heri niandike mambo ya watoto. Vidole navyo sijui. Mpini wa panga ni mzima, niliutengeneza mimi, na mimi sitengenezi mpini mbaya. Tulia ameandika hapa "hajui", nimemwambia akate, aandike kama ninavyotamka. Sijui.

Kesho Lusungu anakwenda Masoko kwa bibi yake. Nitamsindikiza mpaka barabarani, ila atabebwa na mama yake. Alhamisi nakwenda hospitali na Tulia anakuja nami, maana daktari atauliza inakuwaje, na mimi ndiye nisiyejua. Atakaa kiti cha mbele, aseme. Nitaagiza ndama jike wa kumpa mbele ya watu ili mwiko ufunguliwe kwa heshima, na hatakuwa ndama wa kukonda, watu watamzungumzia mpaka Kiwira. Yeye anauliza, na mpaka ndama apatikane? Nimemwambia mpaka ndama apatikane aangalie tu, kosa liandikwe kwangu.

Alitaka kukata pale alipoandika kuwa macho yangu yalimpita kama mgomba. Nimekataa. Barua iende hivyo hivyo.

Tunamaliza. Mimi sijazoea kuangaliwa na yeye hajazoea kuangalia, kila mara macho yake yanakimbilia karatasi. Namwambia, juu, Tulia, juu huku kwangu. Mistari hii ya mwisho ukiiona imepinda, ni kwa sababu anaandika bila kuitazama.

Kaka yako,
Anyelwisye